Barua ya wazi: Kabati la vishikwambi lifunguliwe na kwa kipindi cha dini

Kwa Maafisa Elimu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kwa Wakuu wa Vyuo vya Ualimu vya ukanda huu. Kwa Wathibiti Ubora wa Shule. Na kwa wachungaji, mapadre na masheikh mnaotuletea walimu wa dini shuleni.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zetu.

Sisi ni walimu tarajali tulio kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Nyanda za Juu Kusini. Tunaandika kuhusu jambo moja. Kipindi cha dini hakimo kwenye hesabu ya vifaa vya TEHAMA, na kwa kuwa hakimo, teknolojia inaingia humo kwa mlango wa uani: simu ya mwalimu mwenyewe, faili alilorushiwa usiku, picha ambayo hakuna aliyeikagua. Tunaomba iingizwe kwa mlango wa mbele.

Chanzo chake kinajulikana. Vishikwambi vingi vilivyoko shuleni ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Vilikwenda kwa waajiriwa. Lakini anayefundisha dini katika shule ya Serikali mara nyingi si mwajiriwa wa Serikali: ni katekista, mwinjilisti, sista au ustadhi anayekuja mara moja au mbili kwa wiki, tena kwa miguu. Jina lake halipo kwenye orodha ya vifaa. Shule nyingi kongwe za huku zilianzishwa na misheni, na Serikali ikazitwaa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kufundisha dini kukabaki mikononi mwa madhehebu, majengo na vifaa vikawa vya shule. Mpaka leo mpaka huo unapita katikati ya kabati la mwalimu mkuu: ustadhi ana somo, shule ina ufunguo. Asipofika, anayeambiwa "kashike kipindi" ni mwalimu tarajali, ambaye naye hajaandikwa popote.

Kabla hatujaomba chochote, tuseme kipindi hiki kinahitaji nini hasa, kwa sababu wengi wakisikia teknolojia darasani wanawaza projekta. Dini si somo la picha kwanza. Ni somo la kusikia na kusoma kwa usahihi. Kifaa chake cha kwanza ni spika ndogo yenye sauti safi.

Chukueni Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mtoto anayejifunza Suratul Fatiha yenye aya 7 anahitaji kusikia herufi zilivyotoka mahali pake kinywani na kooni. Neno "qalb" lenye qafu ni moyo. Likisomwa kwa kafu linakuwa mbwa. Watoto wengi wa huku wametoka kwenye lugha za nyumbani zinazochanganya r na l, kwa hiyo "Rabbi" inatoka "Labbi", na mwalimu tarajali asiyesoma madrasa hawezi kuisahihisha kwa kusikia tu. Hapo rekodi ya msomaji hodari inafanya kazi ambayo sisi hatuiwezi: cheza aya moja, simamisha, watoto warudie mara tatu, cheza tena, ndipo msonge mbele. Programu nyingi za kuchezea sauti zinaruhusu kupunguza mwendo hadi robo tatu bila kuharibu sauti. Usishuke chini ya hapo. Herufi zinaanza kutambaa na mtoto anajifunza madda, yaani mivuto ya sauti, ambazo hazipo.

Lakini kuna tego. Rekodi zilizomo mtandaoni si za kisomo kimoja. Afrika Mashariki tunasoma kwa riwaya, yaani mapokezi ya usomaji wa Qurani, ya Hafs. Ukipakua bila kuangalia unaweza kupata ya Warsh, inayosomwa sana Afrika Kaskazini na Magharibi. Katika aya ya "Maliki yaumid-din", Hafs anavuta "maa", Warsh havuti. Zote ni sahihi kwa wenye elimu yake, ila mtoto wa darasa la nne anayesikia hivi shuleni na vile madrasa atadhani mmoja wao amekosea, na jioni ustadhi wake atamkemea kwa kosa lisilo lake. Jina la riwaya mara nyingi huandikwa kwenye maelezo ya faili. Kulisoma hakumalizi nusu dakika, na mtu anayejua alisome kabla faili halijafika darasani.

Upande wa Ukristo, sauti inasaidia kwa namna nyingine. Mfano wa Msamaria Mwema, Luka 10:25-37, ni aya 13. Ukisomwa vizuri hauchukui zaidi ya dakika tatu. Darasa lenye watoto 70 na Biblia tano haliwezi kuusoma kwa vikundi na kubaki na muda wa kuujadili. Likiusikia mara mbili kutoka kwenye spika, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kila kikundi kikifuatilia mtu mmoja — mwanasheria, kuhani, Mlawi, Msamaria, mwenye nyumba ya wageni — kipindi cha dakika 40 kinatosha, hata ukitoa zile dakika tano ambazo watoto wanahama vyumba.

Spika yenyewe ina masharti. Usiiweke mezani kwa mwalimu. Watoto wa mstari wa mwisho wako mita nane, wanasikia mwangwi wa ukuta kuliko maneno, nawe unaongeza sauti mpaka inapasuka. Iweke juu ya kiti katikati ya darasa, usawa wa masikio ya aliyekaa, watoto wakae kuizunguka. Hakuna atakayekuwa mbali zaidi ya mita nne au tano. Spika ya bei ya chini hukata sauti nyembamba, na humo ndimo tofauti ya "s" na "th" ilimo. Kabla ya kuinunua, ijaribu kwa aya yenye herufi hizo. Muziki hauwezi kukuonyesha kasoro hiyo, kwa maana spika nyingi zimetengenezwa zipige besi.

Tena kuna ukuta. Wakristo na Waislamu mara nyingi hupangwa vyumba viwili vinavyofuatana, na juu ya ukuta, kati yake na bati, kuna nafasi wazi. Spika ya upande mmoja inafuta kipindi cha upande wa pili. Tumeona jambo dogo kama hili likizua manung'uniko makubwa kwa wazazi, kwa sababu kwenye dini kelele haichukuliwi kuwa kelele tu. Mwalimu wa taaluma anaweza kulimaliza kwa kalamu: vyumba vya dini vipangwe ncha mbili za shule. Na watoto wasio na kipindi chochote siku hiyo, au ambao wazazi wao wameomba wasiingie, wapewe maktaba au chumba chenye mwalimu. Kuwapeleka kufagia uwanja ni kuwaadhibu.

Halafu mvua. Wilaya ya Rungwe inapata mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na madarasa mengi hayana dari. Machi na Aprili bati likianza kupigwa hakuna spika itakayosikika, wala mwalimu. Kwa hiyo andalio la somo linalotegemea sauti lazima liwe na njia ya pili iliyoandikwa tangu mwanzo: aya zenyewe zimenakiliwa ubaoni au kwenye karatasi za manila kwa herufi zenye urefu wa sentimita nne au tano, ambazo mtoto aliye mita nane anazisoma bila kukunja uso. Maandishi ya kishikwambi kilichoinuliwa mbele ya darasa hayasomeki na yeyote zaidi ya mstari wa kwanza. Kishikwambi ni cha kikundi cha watoto watano au sita, wakikizunguka. Zaidi ya hapo wa nje wanaanza kusukumana.

Sasa tuje kabatini. Vishikwambi vingi havikuharibiwa na watoto. Vimeharibiwa na kufungiwa. Betri ya lithiamu ikiachwa sifuri kwa miezi hushuka chini ya kiwango ambacho mtambo wake wa ulinzi unakubali kuchaji. Ukiichomeka, inaonekana imekufa. Nyingine huvimba mgongo na kusukuma kioo. Iliyovimba isichajiwe tena wala isitobolewe, itolewe darasani siku hiyo hiyo. Kinga yake haihitaji fundi. Shule ikifunga, Juni au Desemba, kila kishikwambi kiachwe na chaji ya kati, asilimia 40 hadi 60, kizimwe kabisa, na mtu mmoja aliyeandikwa jina afungue kabati kila baada ya wiki nne kutazama. Wenzetu wa Makete na Njombe wana la ziada. Asubuhi za Juni na Julai zenye sakitu, kifaa kilicholala kwenye ofisi baridi kikiingizwa ghafla kwenye darasa lenye pumzi za watoto 70 kinatoa jasho kwenye kioo na ndani ya tundu la chaja. Kiacheni mfukoni au kwenye begi robo saa kabla ya kukiwasha, na kisichajiwe kikiwa cha baridi kali. Walio Usangu, kule Chimala na Igurusi, adui yao ni vumbi la kiangazi. Tundu la chaja lisafishwe kwa brashi laini, si kwa sindano.

Intaneti si ya lazima. Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban nusu MB kwa dakika, maana yake saa nzima haifiki MB 30. Memori kadi moja ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 1,000. Video ya saa moja, kwa kulinganisha, inakula mamia ya MB na kumaliza betri haraka zaidi. Kinachokwamisha shule ni majina ya faili. "AUD-0047" haimsaidii mtu. Andikeni darasa, kitabu, aya na toleo, kwa mfano "D5 Luka 10 25-37 Union" (darasa la tano, Biblia ya Union Version), na mwalimu wa zamu atalipata hata kama aliyelipakua ameshahamishwa.

Hilo la toleo tunalikazia. Programu nyingi za Biblia za bure zina vitabu 66. Mtoto Mkatoliki anayetafuta Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku au Makabayo hatavikuta, kwa sababu Biblia yake ina vitabu 73. Na asipoelezwa, ataondoka akiamini kwamba kanisa lake limeongeza vitabu. Zaburi nazo: kwa matoleo yanayofuata hesabu ya Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, Zaburi ya 23 ni ya 22. Na kuna aya kama Mathayo 17:21 ambayo baadhi ya matoleo yanayo, huku mengine yakiiweka kwenye mabano au tanbihi, kwa kuwa nakala za kale zinatofautiana. Mwalimu asiyejua hayo huwaambia watoto programu imeharibika. Anayejua ana somo zuri la nusu saa mbele yake.

Picha tuziogope kwa sababu maalumu. Karibu kila picha ya Krismasi inaonyesha mamajusi watatu kwenye zizi. Mathayo sura ya 2 haitaji idadi yao, na inasema waliingia nyumbani. Tunda la Mwanzo sura ya 3 limechorwa tufaha duniani kote, na maandiko yanasema tunda tu. Mtoto huamini alichokiona, kisha anakiandika kwenye mtihani. Kwa Waislamu jambo ni zito zaidi, kwa kuwa hawachori manabii. Video inayomwonyesha mtu akiigiza Nabii Musa au Nabii Isa haifai kabisa kwenye kipindi chao, na haifai kuchezwa mbele ya darasa la mchanganyiko kwenye somo jingine lolote, hata la maadili. Zipo ramani, picha za majengo, za hati za kale, za mizani na vyombo vya zamani. Hizo zinafundisha bila kumjeruhi mtu.

Na sasa imeingia akili mnemba. Walimu tarajali wengi wanaitumia kuandaa somo, tusidanganyane. Shida yake kwenye dini ni kwamba inaandika Kiswahili chenye mwendo wa maandiko hata pale ambapo maandiko hayapo, na kinasikika kitakatifu. Inabandika namba ya aya juu ya maneno yasiyo ya aya hiyo. Inarudia misemo ya mitaani kama neno la Mungu. "Mungu humsaidia anayejisaidia" haimo kwenye Biblia, ya vitabu 66 wala ya 73. "Tafuteni elimu hata China", ambayo imepakwa rangi kwenye kuta za shule nyingi kama hadithi ya Mtume, wanazuoni wa hadithi wameihesabu dhaifu, na wengine wamesema ni ya kubuniwa. Kanuni tunayoiomba ifundishwe vyuoni ni fupi: hakuna nukuu inayoingia kwenye andalio kabla haijafunguliwa kwenye kitabu cha karatasi. Kwa Biblia, kitabu, sura, aya na toleo. Kwa Qurani, sura na aya, ikisomwa kwenye msahafu. Kwa hadithi, ni nani aliyeipokea, kama ni Bukhari, Muslim, Abu Daud, Tirmidhi, Nasai au Ibn Majah, na ustadhi aithibitishe. Nukuu isiyopata anwani inafutwa, hata kama ni tamu.

Mahubiri na mihadhara iliyopakuliwa isikilizwe yote, mwanzo hadi mwisho, siku moja kabla. Dakika 13 za kwanza zinaweza kuwa za upendo na ya 14 ikawa kejeli kwa dini ya jirani. Kipimo tunachokitumia ni hiki: mzazi wa dini nyingine akisimama dirishani kwa kipindi kizima, kuna sekunde ambayo ungependa kuzima? Kama ipo, faili hilo halifai. Darasani kifaa kiwekwe kwenye hali ya ndege, ili ujumbe wa mtu au tangazo la bahati nasibu lisikatize sala.

Wakuu wa vyuo na watathmini, ombi hili ni lenu. Siku ya kutathminiwa mwalimu tarajali anajua fomu ina sehemu ya zana, kwa hiyo anaazima projekta. Dakika kumi zinapita akitafuta umeme na waya, dirisha halina pazia, picha imepauka, watoto wanaona kivuli cha mwalimu. Anapata alama ya kutumia TEHAMA. Mwenzake aliyeweka spika juu ya kiti na kufundisha aya moja mpaka mtoto wa mwisho akaitamka sawa anaambiwa zana zake ni chache. Tupimeni kwa alichokisikia mtoto. Na mtutathmini kwenye kipindi cha dini pia. Somo ambalo halitathminiwi mwalimu tarajali halijifunzi.

Jambo moja la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeiweka imani ya dini ya mtu, na taarifa za watoto, kwenye kundi la taarifa nyeti. Orodha ya nani anaingia chumba cha Wakristo na nani cha Waislamu inapigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu na wazazi kana kwamba ni ratiba ya usafi. Video za watoto wakisali zinawekwa mtandaoni siku hiyo hiyo. Orodha ibaki kwenye daftari ofisini, na hakuna mtoto wa kurekodiwa akiwa kwenye ibada bila ridhaa ya mzazi.

Tunachoomba kwa Maafisa Elimu ni waraka wa ukurasa mmoja. Useme kwamba mwalimu wa dini anayekuja kutoka nje, na mwalimu tarajali anayeshika kipindi chake, wanaruhusiwa kuchukua spika moja na vishikwambi kwa kusaini daftari la vifaa, saa ya kutoa na saa ya kurudisha, pamoja na kiwango cha chaji. Useme kila kata iwe na memori kadi mbili, moja ya kila dini, ambazo mafaili yake yamesikilizwa na kusainiwa na viongozi wa dini husika kabla ya muhula kuanza. Kwa upande wa Wakristo wakae pamoja Wakatoliki, Wamoraviani, Walutheri, Wasabato na Wapentekoste waliopo kwenye kata hiyo, ili suala la matoleo limalizwe na watu wazima badala ya watoto. Afisa Elimu Kata atunze nakala.

Nanyi viongozi wa dini, mkimtuma katekista au ustadhi shuleni, mpeni nusu siku ya kufundishwa kuwasha, kutafuta faili, kusimamisha na kurudia. Sisi tuko tayari kuwafundisha hilo bila malipo wakati wote tukiwa kwenye mazoezi. Wao watatufundisha kusoma.

Muhula ujao wa mazoezi tutaripoti shuleni tukiwa na maandalio yetu mkononi. Tunaomba tukifika tukute waraka huo umebandikwa kwenye mlango wa kabati, na jina la mwenye ufunguo limeandikwa chini yake.

Kwa heshima na unyenyekevu,

Walimu tarajali, Nyanda za Juu Kusini
Mbeya